Kamala: Mganda wa Mississippi

James Harris, mwanamieleka aliyejulikana kwa jina la Kamala, Jitu la Uganda, alizaliwa tarehe 28 Mei 1950 katika mji mdogo wa Senatobia, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Kwa zaidi ya miaka 20 alipanda ulingoni miguu mitupu, uso umepakwa rangi, kiunoni kipande cha nguo chenye madoa ya chui, akiigiza mtu wa porini asiyejua kusema. Watangazaji waliwaambia watazamaji kwamba ametoka Uganda na kwamba zamani alikuwa mlinzi wa Rais Idi Amin. Harris hakuwa Mganda, wala Amin hakuwahi kuwa bosi wake. Ilikuwa kazi aliyopewa, akaifanya kwa ustadi hadi mamilioni ya watu wakaiamini, na kazi hiyohiyo ndiyo iliyomwekea mpaka wa mahali ambapo angeweza kufika.

Mieleka ya kulipwa ya Marekani ni mchezo na ni maigizo kwa wakati mmoja. Mtu akibwagwa chini amebwagwa kweli, na mgongo wake unaumia kweli, lakini mshindi amekwisha kupangwa kabla kengele haijalia. Kwa miongo mingi jambo hili lilitunzwa kama siri ya jando: wanamieleka wawili wanaochukiana ulingoni hawakuruhusiwa kuonekana wakila meza moja mtaani. Ni mwaka 1989 tu ambapo kampuni kubwa kuliko zote, WWF, ilikiri mbele ya maseneta wa jimbo la New Jersey kwamba biashara yake ni burudani. Sababu haikuwa uungwana. Kampuni ilitaka kukwepa kodi na masharti yanayohusu michezo ya ushindani.

Katika maigizo hayo yuko stelingi na yuko adui. Stelingi anauza tiketi kwa sababu watu wanampenda. Adui anaziuza kwa sababu watu wanataka kumwona akipigwa. Njia rahisi ya kumpata adui ilikuwa kumtafutia nchi inayoogopwa wakati huo. Baada ya Vita Kuu ya Pili walizuka Wajerumani wenye majina ya kinazi, na Fritz Von Erich, maarufu kuliko wote, alikuwa kijana wa Texas aitwaye Jack Adkisson. Vita Baridi vilipopamba moto wakaja Warusi. Ivan Koloff alikuwa Mkanada wa Quebec, na Nikita Koloff alikuwa mzaliwa wa Minnesota. Abdullah the Butcher, aliyetangazwa kuwa katili kutoka Sudan, alikuwa Mkanada wa mji wa Windsor, Ontario. Mwajemi wa kweli alipatikana katika Iron Sheik, aliyezaliwa Iran, lakini huyo alikuwa mmoja wa wachache. Kwa kawaida nchi ilivaliwa kama vazi na kuvuliwa chumbani baada ya pambano.

Harris alikulia Coldwater, karibu na alikozaliwa, katika familia ya wakulima weusi waliolima shamba la mtu mwingine na kugawana mavuno na mwenye ardhi. Alikuwa na umri wa miaka minne baba yake alipouawa kwa risasi kwenye mchezo wa dadu. Utotoni alichuma pamba. Ujanani aliingia katika wizi mdogomdogo, na mwaka 1967 akaondoka kwenda Florida, ambako alichuma matunda na kuendesha malori. Akiwa na miaka 25 hivi alihamia Benton Harbor, Michigan. Hapo alikutana na Bobo Brazil, mmoja wa wanamieleka weusi wa kwanza kupata umaarufu wa kitaifa nchini Marekani. Jina halisi la Brazil lilikuwa Houston Harris, ingawa hawakuwa ndugu. Brazil ndiye aliyemwonyesha Harris kwamba mwili mkubwa unaweza kuwa riziki.

Mwili wenyewe haukuwa wa kawaida. Urefu wake ulikuwa karibu mita 2, na uzito uliotangazwa ulikuwa ratili 380, yaani kilo 172 hivi. Alianza kupigana mwaka 1978 kwa jina la Sugar Bear Harris, kisha akazunguka majimbo ya kusini na kuvuka hadi Uingereza, ambako aliitwa Mississippi Mauler. Majina hayo yalimpatia chakula na nauli. Alikuwa mtu mweusi mkubwa kutoka Mississippi katika fani iliyojaa watu wakubwa, na watazamaji hawakuwa na sababu maalumu ya kumkumbuka.

Mambo yalibadilika mwaka 1982 mjini Memphis, Tennessee. Wakati huo mieleka ya Marekani ilikuwa imegawanywa katika kanda, na kila kanda ilikuwa na mmiliki wake, televisheni yake na kumbi zake. Memphis iliendeshwa na Jerry Jarrett pamoja na Jerry Lawler, aliyekuwa nyota wa mji huo na pia mchoraji. Kanda ya namna hiyo ilihitaji adui mpya kila baada ya muda mfupi, kwa sababu watu walewale walirudi ukumbini wiki baada ya wiki. Lawler alimtazama Harris, akaona anachoweza kuchora juu yake. Alibuni sura ya rangi, nyota kifuani na mwezi tumboni, akaongezewa kinyago cha mbao na mkuki. Jina la kwanza liliandikwa Kimala, baadaye likawa Kamala.

Filamu fupi ya kumtambulisha ilipigwa shambani kwa Jarrett, hukohuko Tennessee. Moshi wa barafu kavu ulitandazwa kati ya miti, Harris akatokeza taratibu na mkuki wake, na shamba la mtu likageuka msitu wa Afrika. Hakuna aliyesafiri kwenda popote. Meneja wake wa kwanza, J.J. Dillon, ndiye aliyezungumza kwa niaba yake. Katika mwaka huohuo Kamala alimshinda Lawler mwenyewe na kutwaa taji la kanda ya kusini, jambo ambalo Lawler alilipanga akijua kwamba watu wangenunua tiketi kuona likirudishwa.

Uganda haikuchaguliwa kwa bahati. Katika miaka ya 1970 Mmarekani wa kawaida alilijua jina moja tu kutoka huko, nalo ni la Idi Amin. Alilisikia mwaka 1972 Waasia walipofukuzwa, akalisikia tena mwaka 1976 makomando wa Israel walipovamia uwanja wa ndege wa Entebbe. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalichanganya habari za kweli za mauaji na uvumi kwamba Amin alikula nyama ya watu. Mwaka 1981 ilitoka filamu kuhusu kuinuka na kuanguka kwake, iliyopigwa Kenya chini ya mwongozaji Sharad Patel, huku Mkenya Joseph Olita akiigiza kama Amin. Kamala alipozaliwa Memphis, Amin mwenyewe alikuwa amekwisha kuikimbia Kampala tangu Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni walipouteka mji huo. Lakini hofu ya jina lake ilikuwa bado bidhaa inayouzika.

Jambo la ajabu ni kwamba Uganda ya wakati huo ilikuwa na wapiganaji wa kweli waliojulikana hata Marekani. Amin mwenyewe aliwahi kuwa bingwa wa ndondi wa nchi yake. Ayub Kalule alitwaa ubingwa wa dunia wa ndondi mwaka 1979, na tarehe 25 Juni 1981 aliupoteza mbele ya Sugar Ray Leonard katika uwanja wa Astrodome mjini Houston, Texas. Cornelius Boza-Edwards, mzaliwa wa Uganda, alikuwa bingwa wa dunia mwaka huohuo wa 1981. Nje ya ndondi, John Akii-Bua alikuwa ameshinda dhahabu ya mbio za mita 400 kuruka viunzi kwenye Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Hao walivaa bukta na viatu kama wanamichezo wengine, na walihojiwa na waandishi wa habari. Katika biashara ya mieleka Mganda wa aina hiyo hakuwa na soko. Aliyetakiwa ni Mganda wa kubuni.

Ulingoni Harris alimjenga mtu huyo kwa vitu vidogo. Alitembea amechuchumaa kidogo, macho yametoka, akitazama taa na watu kana kwamba anaviona kwa mara ya kwanza. Kila alipompiga mpinzani alirudi nyuma na kujipiga tumbo kwa viganja vyote viwili, na sauti ya ngozi ikasikika hadi viti vya mwisho. Kichekesho chake kikubwa kilikuwa kutojua sheria. Ili kushinda, mwanamieleka humlaza mpinzani chali, mabega yakigusa sakafu, mwamuzi ahesabu hadi tatu. Kamala aliweza kumrukia mtu kwa uzito wake wote na kummaliza kabisa, kisha akamlalia akiwa kifudifudi na kushangaa kwa nini hahesabiwi. Msimamizi wake alilazimika kupiga kelele na kuashiria mpinzani ageuzwe. Watazamaji walicheka na kuogopa kwa pamoja, na kuweza kuvizalisha vyote viwili kwa mara moja ni ujuzi usiopatikana kwa kila mtu.

Msimamizi huyo naye alikuwa sehemu ya picha. Mashuhuri zaidi aliitwa Kim Chee, mtu aliyefunikwa uso na kuvaa mavazi ya safari ya kikoloni pamoja na kofia ngumu ya jua. Nyuma ya kitambaa cha uso walipita watu mbalimbali, na katika WWF aliyeifanya kazi hiyo kwa muda mrefu ni Steve Lombardi. Yeye ndiye aliyemwongoza Kamala kuingia, kumtuliza na kumwonyesha wa kupigwa. Mwafrika wa porini akiongozwa na mtu mwenye kofia ya mkoloni: picha hiyo ilirudiwa katika kumbi za Marekani usiku baada ya usiku, na mwaka 1986 ilikuwa bado inaonekana ya kawaida kabisa kwenye televisheni ya taifa.

Kutoka Memphis Harris alipokelewa na kanda nyingine. Katika Mid-South ya Bill Watts na katika World Class ya Texas aliwekwa chini ya meneja Skandor Akbar, Mtexas mwenye asili ya Mashariki ya Kati aliyekuwa na kundi la maadui kutoka nchi za nje. Huko Texas alipambana na wana wa Fritz Von Erich. Baba yao alijipatia jina kama Mjerumani mbaya. Wao sasa walikuwa vijana wapendwa wa Texas wanaoilinda nyumbani dhidi ya Mganda. Mwaka 1984, alipopitia WWF kwa mara ya kwanza, alipigana mfululizo na André the Giant, Mfaransa mkubwa kuliko wote, na mapambano yao yalijaza kumbi kwa sababu rahisi: watu walitaka kuona kama kuna mtu anayeweza kumwinua André.

Wakati huo Vince McMahon, aliyeinunua WWF kutoka kwa baba yake mwaka 1982, alikuwa akivunja mipaka ya kanda na kuwachukua nyota wa kila upande. Mwaka 1986 Kamala aliingizwa tena WWF na kupelekwa moja kwa moja kwa Hulk Hogan, bingwa na stelingi mkuu wa kampuni. Walizunguka miji mingi pamoja. Mpango haukubadilika. Kamala alionekana kuwa tishio, alimpa Hogan kipigo cha kutosha kuwatia watu wasiwasi, na mwishowe Hogan akashinda. Baadaye alipangiwa Jake Roberts, mwanamieleka aliyekuja ulingoni na chatu ndani ya gunia. Chatu alipotolewa Kamala alikimbia, na aliyeogopwa na wote akawa mwenye hofu kuliko wote.

Hapa ndipo mpaka wa kazi yake unapoonekana wazi. Katika mieleka ya zama hizo fedha zilifuata maikrofoni. Mwanamieleka aliyeweza kusimama mbele ya kamera kwa dakika mbili na kuwaeleza watu kwa nini wanunue tiketi, huyo alipewa mkanda wa ubingwa, picha za mabango na asilimia nzuri ya mapato. Iron Sheik alitukana Marekani kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kiajemi, na mwezi mmoja kuanzia Desemba 1983 alikuwa bingwa wa WWF. Kamala alikatazwa kusema, kwa kuwa akifungua mdomo tu ingetoka sauti ya Mississippi. Alinguruma, basi. Maneno yote yalisemwa na meneja, na meneja aliweza kuhamishiwa mtu mwingine wakati wowote. Kwa hiyo katika vipindi vyote alivyokaa WWF Harris hakutwaa taji lolote. Alikuwa mtu wa kuletwa, kupigwa na stelingi wa msimu, na kuondoka.

Kipindi chake kilichokumbukwa zaidi ni cha mwaka 1992, aliporudi chini ya meneja Harvey Wippleman na kupangiwa Undertaker, mwanamieleka aliyeigiza mzika maiti. Tarehe 29 Agosti 1992 walipigana kwenye onyesho la SummerSlam katika uwanja wa Wembley, London, mbele ya umati uliotangazwa kuwa wa watu 80,355. Pambano halikufika hata dakika nne; Kim Chee aliingilia, na ushindi ukapewa Undertaker. Miaka mingi baadaye Harris alidai kwamba kwa usiku ule yeye alilipwa dola 13,000 na mpinzani wake dola 500,000. Kampuni za mieleka hazikuwa zikitangaza malipo ya namna hiyo, hivyo tarakimu hizo ni za kauli yake mwenyewe. Lililo wazi ni kwamba wanamieleka hawakuwa waajiriwa. Walisaini kama wakandarasi wa kujitegemea, wakajilipia hoteli na bima ya afya, na kila mmoja alijadili malipo yake peke yake bila kujua mwenzake anapata nini.

Tarehe 25 Novemba mwaka huohuo, katika ukumbi wa Richfield, Ohio, wawili hao walikutana tena kwenye onyesho la Survivor Series, safari hii kwa masharti ya jeneza: anayeshindwa anatiwa ndani. Hadithi ilikuwa kwamba Kamala, asiyeogopa mtu, anaogopa jeneza. Harris aliigiza hofu hiyo kwa mwili mzima, akinyata kuzunguka sanduku na kuruka nyuma kila lilipotikisika. Mwisho wake alishindwa, akalazwa ndani, na Undertaker akapigilia misumari kwenye kifuniko. Jeneza la ulingoni likawa desturi ya Undertaker kwa miaka mingi iliyofuata, na Kamala ndiye aliyeifungua kwenye onyesho kubwa la televisheni.

Baada ya hapo waandishi wa kampuni walijaribu kumgeuza kuwa mtu mwema. Mwanzoni mwa mwaka 1993 aliwaacha Wippleman na Kim Chee waliokuwa wakimtesa, akachukuliwa na Slick, meneja aliyegeuka mchungaji wa dini, ambaye alianza kumfundisha maisha ya watu. Katika kipindi kimoja cha televisheni Slick alimpeleka kucheza bowling. Kwa mara ya kwanza watazamaji waliombwa kumhurumia Kamala badala ya kumwogopa, ingawa bado ilibidi afundishwe ubinadamu kama mtu aliyezaliwa bila huo. Jaribio halikudumu. Pambano lake lililopangwa kwa onyesho la WrestleMania IX mwezi Aprili lilifutwa kwa kukosa muda, na mwaka huohuo Harris akaondoka.

Alirudi kwenye malori, kazi aliyoifahamu tangu ujana. Mwaka 1995 kampuni ya WCW ilimwita kwa muda kuwa mmoja wa kundi la majitu lililotumwa kummaliza Hogan, adui yuleyule kwa stelingi yuleyule baada ya miaka tisa. Mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa wakongwe walioitwa WrestleMania mjini Houston, katika pambano la pamoja la wahusika wa zamani lililoshindwa na Iron Sheik. Mwaka 2006 alipandishwa tena ulingoni na kupigwa na Umaga, Msamoa aliyeigiza mtu wa porini asiyesema. Nafasi ya Kamala ilikuwa imepata mrithi.

Kisukari kilikuwa kimemwandama tangu miaka ya 1990. Novemba 2011 alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti, na Aprili 2012 akakatwa wa kulia. Hakuwa na pensheni ya mieleka, kwa kuwa mkandarasi hana pensheni. Alijikimu kwa kutengeneza na kuuza viti vya mbao, na kwa michango ya mashabiki. Mwaka 2014 alitoa kitabu cha maisha yake, Kamala Speaks, ambamo aliyenyamazishwa kikazi kwa miongo mitatu alisimulia utoto wa Mississippi, malipo, safari na ubaguzi wa vyumba vya kubadilishia nguo. Mwaka 2016 aliungana na wanamieleka wengine wa zamani kuishtaki WWE, jina jipya la WWF, wakidai kwamba kampuni iliwaficha hatari za kupigwa kichwani. Mahakama iliitupa kesi hiyo mwaka 2018.

Alipokuwa akistaafu, biashara ilikuwa ikibadilika polepole. Kofi Kingston, aliyezaliwa Ghana, alipoanza kuonekana kwenye televisheni ya WWE mwaka 2008 alitangazwa kuwa Mjamaika, kwa lafudhi na muziki wa kuigiza. Baada ya muda uongo huo uliachwa, akatangazwa kwa nchi yake halisi, akapewa nafasi ya kusema kwa sauti yake. Tarehe 7 Aprili 2019 alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kutwaa ubingwa mkuu wa WWE. Ilichukua miaka 37 tangu ile filamu ya moshi shambani Tennessee kwa Mwafrika wa kweli kufika mahali ambapo Mwafrika wa kubuni hakuruhusiwa kufika.

James Harris alifariki dunia tarehe 9 Agosti 2020 huko Oxford, Mississippi, akiwa na umri wa miaka 70. Moyo ulisimama baada ya kuugua UVIKO-19, juu ya kisukari cha miaka mingi. Wanamieleka waliopigana naye walimsifu kwa jambo ambalo watazamaji hawakuwa na njia ya kulijua: licha ya ukubwa wake alikuwa mwangalifu sana ulingoni, na aliowaangukia kwa kilo 172 waliinuka wazima.